Saileji, hei au mahindi ya kuuza? Hesabu ya ekari moja Rongai

Mfugaji wa Rongai, Kaunti ya Nakuru, anauliza: "Habari ya kazi, mwalimu. Nina ng'ombe wanne wa maziwa na ekari mbili ninazolima mahindi. Kila mwaka kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Machi majani huisha. Hapo nanunua hei kwa shilingi 350 robota moja, na maziwa hushuka hata hivyo. Chama chetu hulipa shilingi 48 kwa lita. Jirani ananishauri niachane na mahindi ya nafaka, ekari zote mbili nipande mtama wa lishe kama Wamarekani, ati lishe ya msimu mmoja ni nafuu kuliko ya kununua. Mwaka mzuri ekari moja hunipa magunia 20, nauza 3,500. Shamba hapa hukodishwa 12,000 kwa msimu. Hesabu hii inalipa? Na nichukue mkopo wa sacco ninunue mashine ya kukatia majani ya shilingi 45,000?"

Asante, mama, hasa kwa kuniandikia na bei. Wengi hunitajia ng'ombe tu, kisha wanataka niwaambie faida.

Ekari zote mbili, hapana. Ekari moja ya saileji, yaani mahindi yanayokatwa mabichi, yakasagwa na kuchachishwa shimoni ili yasioze, inatosha ng'ombe wanne, na hata hiyo moja ina masharti. Tena kuna shilingi elfu ishirini na kitu unazoweza kuokoa kabla hujapanda hata mbegu moja, nami nitaanzia hapo.

Hiyo hei yako. Wewe unanunua robota, lakini ng'ombe anakula kilo, tena kilo za uzito mkavu, yaani kile kinachobaki maji yakiondolewa. Robota lililofungwa vizuri lina kama kilo 15, na katika hizo sehemu kavu ni asilimia 85 hivi, maana yake kilo 12.75. Kwa shilingi 350 unalipa karibu 27.50 kwa kila kilo kavu. Mwezi wa pili, wakati kila mtu anatafuta, utaletewa robota la kilo 10 kwa bei ile ile, na hapo kilo kavu imefika shilingi 41. Nunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa viazi. Pima marobota matano kwenye lori kabla ya kulipa. Muuzaji atanuna, lakini bei itashuka au utamjua ni mtu wa aina gani.

Sasa tazama kalenda. Hei ile ile mwezi wa Agosti, wakati wenye mashamba ya nyasi ya Boma Rhodes wanakata na hawana pa kuiweka, unaweza kuipata kwa 250 hivi. Kilo kavu inakuwa shilingi 19.60. Ng'ombe wako wanne, wenye uzito wa kilo 400 hivi kila mmoja, wanahitaji kama kilo 12 kavu kwa siku kwa kila ng'ombe. Tuseme kilo 5 wanazipata kwenye mabua, majani ya nepia yaliyobaki na chakula cha gunia, kile cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Kilo 7 zilizobaki ndizo za kununua au kuhifadhi: kilo 7 kwa ng'ombe 4 kwa siku 100 ni kilo 2,800 kavu, kama marobota 220. Kwa bei ya Februari ni 77,000. Kwa bei ya Agosti ni 55,000. Tofauti ni shilingi 22,000, na hakuna jembe lililogusa ardhi. Utahitaji banda lisilovuja na miti ya kuinulia marobota yasiguse sakafu, basi. Kwa hiyo mpango wowote wa kupanda lishe uushindanishe na hei ya Agosti. Kushinda hei ya Februari si kazi.

Kuhusu Wamarekani. Jirani yako hakosei kwamba wao hupanda sana mtama wa Sudan, mtama wa lishe na uwele, lakini sababu yao si yetu. Malisho mengi ya kwao ni nyasi za baridi, nazo hudumaa Julai na Agosti joto linapopanda. Wanapanda mazao ya joto kuziba pengo hilo, na mara nyingi ng'ombe huingia wenyewe kula shambani. Gharama ya kukata, kubeba na kuhifadhi haipo au ni ndogo. Pengo letu la Nakuru haliletwi na joto. Linaletwa na mvua kukatika, na mvua ikikatika hata mtama hauoti. Chakula cha Januari lazima kiote Mei na Julai, kisha kihifadhiwe. Uhifadhi huo ndio mzigo ambao mahesabu ya ng'ambo hayana, na sasa utaona uzito wake.

Nianze na mahindi, mtama nitaufikia baadaye. Nimekisia gharama za ekari moja ya mahindi ya saileji kwa bei za upande wenu. Weka zako pale zinapotofautiana. Kodi ya shamba 12,000. Kulima na haro 6,000. Mbegu 3,000. Mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mmoja wa kukuzia, ile ya ruzuku ya 2,500, jumla 5,000. Vibarua wa kupanda na kupalilia 6,000. Dawa ya viwavijeshi mara mbili 2,000. Hapo umefika 34,000, sawa na mkulima wa nafaka. Sasa ongeza 12,000 za kukata, kubeba, kusaga na kushindilia, na 5,000 za karatasi ya nailoni na molasi. Jumla ni 51,000, na theluthi nzima ya pesa hizo ni uhifadhi tu.

Ekari inayotoa magunia 20 ya nafaka itakupa kama tani 12 za mahindi mabichi yakikatwa kwa wakati wake. Sehemu kavu ni asilimia 30, yaani kilo 3,600. Shimo zuri hupoteza kama asilimia 15, kwa hiyo ng'ombe anapata kilo 3,060. Gawanya 51,000 kwa 3,060 upate karibu shilingi 16.70 kwa kilo kavu. Ni chini kuliko hei ya Agosti. Wauza mbegu wengi huishia hapa wakafunga daftari.

Usilifunge bado. Ekari hiyo ungeiacha ikomae ungevuna magunia 20, shilingi 70,000. Toa zile 34,000, toa 8,000 za kuvuna, kupukuchua, kukausha na magunia, unabaki na 28,000. Ukikata saileji umeziacha pesa hizo shambani. Ni gharama kamili kama mbolea, ingawa hakuna aliyekupa risiti. Ongeza 28,000 kwenye 51,000 upate 79,000, na kilo kavu ya saileji sasa ni shilingi 25.80. Ghafla hei ya Agosti inaonekana nafuu.

Lakini kilo ya hei si sawa na kilo ya saileji. Saileji ya mahindi yenye punje ina nishati ya kama megajuli 10 (megajuli ni kipimo cha nishati) kwa kilo kavu, na hei ya Boma Rhodes ya kawaida ina kama 8. Kwa kilo 7 kwa siku, ng'ombe wa hei anapungukiwa megajuli 14. Lita moja ya maziwa hula kama 5, kwa hiyo hapo unaona maziwa yako yanapoishia hata ukiwa umenunua hei ya kutosha. Kuziba pengo hilo unahitaji kama kilo 1.4 za chakula cha gunia. Mfuko wa kilo 70 ukiwa 3,000, hiyo ni shilingi 60 kwa ng'ombe kwa siku, au 24,000 kwa ng'ombe wanne kwa siku 100.

Sasa linganisha kilo 2,800 kwa kila upande. Hei ya Agosti pamoja na chakula cha gunia cha kuisaidia ni 79,000. Hei ya Februari pamoja na chakula hicho ni 101,000. Saileji, ukihesabu na faida ya nafaka uliyoiacha, ni 72,000. Saileji inaishinda hei ya Agosti kwa 7,000 hivi, na ukikumbuka kwamba mvunaji wa nafaka anabaki na mabua ya kulisha, hata hizo zinayeyuka. Kwa mwaka mzuri wa mahindi, mama, ni sare.

Mizani inaegemea upande wa saileji mahindi yanapokuwa mabaya, ama shambani ama sokoni. Ukivuna 20 na broka akakupa 2,500 mwezi wa Novemba, faida ya nafaka ni 8,000 tu, na kilo ya saileji inashuka hadi kama 19. Mvua ikikata wakati wa kutoa ndevu, nafaka hupungua haraka kuliko majani. Unaweza kubaki na magunia 12, ambayo kwa 3,500 yanarudisha gharama zako tu, huku ekari hiyo ikikupa bado kama tani 9 za lishe. Gharama za kukata zinapungua kidogo, tuseme zote zinafika 48,000, na kilo kavu inakuwa kama 21. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mwaka, katikati ya Julai, ni hili: hii ekari itanipa magunia mangapi, na bei inaelekea wapi? Uzuri wa mahindi ni kwamba uamuzi unaweza kungoja. Shamba ni lile lile. Ukiona msimu ni mzuri na bei inapanda, acha yakomae, ununue hei ya Agosti. Ukiona yamesinyaa, kata.

Uhuru huo mtama wa lishe hauna. Ukishaupanda umejifunga, kwa sababu soko la nafaka yake kwenu ni dogo. Hata hivyo siudharau. Kuna mbegu za humu nchini, E1291 na E6518, zilizochaguliwa kwa nyanda za juu zenye baridi, na Rongai zinaota vizuri. Mtama huvumilia ukame: mahindi yakijikunja mavuno yanapotea, mtama unajikunja, unangoja, mvua ikirudi unaendelea. Ukiukata unachipua tena, mkupuo wa pili bila kulima wala kununua mbegu. Nishati yake iko chini kidogo ya mahindi. Nikipiga hesabu kwa mwaka mzuri napata bei ya nishati inayokaribiana sana na ya mahindi, kwa hiyo mimi ninauchukua kama bima. Kama shamba lako liko upande wa chini kuelekea Kampi ya Moto, ambako mahindi hukwama mara kwa mara, weka nusu ekari. Kama uko juu ambako mvua ni nzuri, sioni haja. Ndugu zetu wa Kisumu na tambarare za ziwa ni habari nyingine: joto ni lao, misimu ni miwili, na nepia yao magharibi imesumbuliwa sana na ugonjwa wa kudumaa. Huko mtama na uwele wa lishe ningeviweka mbele ya mahindi.

Ukiupanda, jirani akwambie pia habari ya sumu. Mtama mchanga, chini ya sentimita 60, na machipukizi yaliyokaushwa na jua kali, huwa na sianidi ya kutosha kumwangusha ng'ombe ndani ya saa moja. Ungoje urefuke, usiwalishe uliosinyaa, na wasiufikie wakiwa na njaa. Ukishachacha kwenye shimo wiki tatu au nne hatari hupungua sana. Kuukausha kuwa hei hakuaminiki vivyo hivyo. Uwele hauna tatizo hili.

Sasa nikupe zao ambalo hukuliuliza. Ukikata mahindi ya saileji Agosti au mwanzo wa Septemba, shamba linabaki tupu miezi miwili kabla ya wenzako kuvuna nafaka, na udongo bado una unyevu. Miezi hiyo hakuna anayeitaka. Panda oti na vechi, lishe ya jamii ya kunde, pamoja: kilo 30 hivi za oti na 8 au 10 za vechi. Piga haro tu, 3,000. Mbegu 5,000, mfuko mmoja wa mbolea 2,500, kukata na kukausha 5,500. Jumla 16,000. Kodi ulishalipa, nafaka haikuachwa, karatasi ya nailoni haihitajiki kwa sababu unakata Desemba oti ikianza kujaza punje na jua lipo la kukausha. Mvua ikiwa ya wastani utapata kama kilo 1,500 kavu. Kilo moja ni chini ya shilingi 11, na hakuna chakula kingine katika barua hii kinachokaribia bei hiyo. Vuli ya Rongai si ya kuapia. Ikikuangusha ukapata nusu, kilo inakuwa 21, bado uko chini ya hei ya Februari.

Na vechi inakuletea protini, jambo ambalo wapenda saileji hulisahau. Saileji ya mahindi ina protini asilimia 7 au 8 tu, na ng'ombe wa lita 10 anataka zaidi ya 12 kwenye mlo mzima. Ndiyo maana kuna watu wenye mashimo yaliyojaa na maziwa hayapandi, halafu wanalaumu mbegu. Mchanganyiko wa oti na vechi, majani ya viazi vitamu, desmodiamu, lishe nyingine ya jamii ya kunde, ukingoni mwa shamba, au mashudu ya alizeti, kimojawapo lazima kiwepo kando ya saileji. Ukiwa na oti yako banda zima, ile saileji ya kilo 7 unaweza kuipunguza hadi 4 au 5, na ekari moja ikakufikisha hadi mvua za Aprili zikichelewa.

Kuna njia nyingine ya saileji nafuu: mahindi ya mwenzako. Mvua ya mawe ikipiga upande wa Njoro au Molo, au ukame ukikausha ndevu, mwenye shamba amepoteza nafaka na anataka chochote. Wewe unanunua yakiwa yamesimama, kwa ekari, na ile faida ya nafaka iliyoachwa haipo tena kwenye hesabu yako. Nenda uyaone mwenyewe, ukate kipande cha mita mbili kwa mbili, upime kwa mizani yako ya viazi, uzidishe. Usilipe kwa kutazama kwa macho. Mahindi ya ukame hulimbikiza naitreti, sumu kwa ng'ombe ikizidi, sehemu ya chini ya bua, kwa hiyo kata juu kidogo, na uyachachishe badala ya kulisha mabichi.

Ng'oa pia kishawishi cha mahindi ya kuchoma. Kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret wanunuzi watakuja kwako wakitaka mabichi. Kama bei yao kwa ekari ni nzuri kuliko nafaka, wauzie, sina ugomvi. Lakini mabua yanayobaki si saileji ninayoizungumzia, kwa sababu karibu nusu ya nishati imeondoka na mahindi yenyewe. Yatie molasi, uyahesabu sawa na hei ya kawaida.

Kukata mapema kunagharimu vilevile. Punje ikiwa bado maziwa, maji ni mengi, shimo linatiririsha, na utamu unakwenda nayo. Ngoja hadi punje iwe kama donge, ukucha ukiingia bila kurusha maji. Kisha shindilia hadi mguu usizame na ufunike siku hiyo hiyo. Shimo lililoshindiliwa ovyo hupoteza asilimia 35 kwa urahisi, na zile 16.70 za mwanzo zinakuwa karibu 22, kabla hata ya kuhesabu nafaka uliyoiacha. Vibarua wawili wa ziada siku ya kushindilia ndio pesa yenye faida kubwa kuliko zote kwenye kazi hii.

Samadi irudi shambani. Ukiondoa mmea wote unaondoa kama kilo 40 za nitrojeni kwa ekari na potasiamu karibu kiasi hicho hicho. Mvunaji wa nafaka huacha sehemu kubwa ya potasiamu kwenye mabua. Mwaka wa kwanza hutaona kitu. Wa tatu utaona.

Mashine, mama: mkopo huo usiuchukue kwa ajili ya saileji. Kukodi mashine na mafuta yake kwa ekari moja ni kama 4,000, iko ndani ya zile 12,000 za kukata. Mashine ya 45,000 ingekuchukua miaka 11 kujilipa, kabla ya riba, visu na fundi. Kama unakata nepia kwa panga kila asubuhi na kila jioni mwaka mzima, hapo unanunua muda wako na ng'ombe waache kubagua mabua, na hesabu inabadilika. Au mkae watu watano wa chama chenu mnunue moja, kila mmoja 9,000. Andikeni kwanza nani ananunua visu vikivunjika.